Taa ya Umeme au ya Mafuta

Shikamoo mama, wewe na magoti yako yote mawili.

Kazi yangu huku Mafia ni kuwapanga wagonjwa wa dharura mlangoni: mwenye kadi ya kijani asubiri, mwenye nyekundu aingie sasa hivi. Leo asubuhi, tukiwa tunakabidhiana zamu, akaletwa mzee mvuvi wa Bwejuu, mguu kaufunga kanga, jasho linamtiririka.

"Nimechomwa na taa, mwanangu."

Mimi mtoto wa Singida nikamuuliza kwa upole, "Pole babu. Taa ya umeme au ya mafuta?"

Akanitazama kama mgonjwa ni mimi. "Wa mchangani."

Nikadhani karabai ya kambini kwao. Nikaandika kuungua, nikampa kijani. Bi Mwanaidi, nesi wa usiku, alikuwa ameshavaa baibui aende zake. Akarudi mbio, akainyakua ile kadi.

"We mtoto, taa ni samaki. Ana mwiba wa sumu mkiani."

Tukafungua kanga, mguu umevimba hadi gotini. Babu akapewa nyekundu na beseni la maji ya moto, daktari akautoa mwiba. Maumivu yalipopungua akaanza kucheka, na zamu zote mbili zikacheka naye, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya faili. Mchana mkewe akaniletea bakuli la mchuzi wa nazi.

"Kula, huyu hachomi."

Nakupenda mno, mama. Jioni ukiwasha taa hapo sebuleni, ujue wajina wake nimemla na wali.