Soda ya Tangawizi ya Hurumzi

Mjukuu wangu Salma,

Natumai u mzima huko Maskati. Sisi hatujambo, mama yako keshapona mguu, na mdogo wako kahitimu Kurani.

Umeniuliza kampuni yetu ndogo ya soda ilisimamaje mbele ya ile kubwa. Nilikuwa nshaolewa, babu yako akitengeneza soda ya tangawizi uani kwetu Hurumzi. Kampuni ya nje ilipokuja, iliwapa wenye maduka masanduku ya barafu kwa sharti wasiuze soda nyengine. Wote wakatukataa.

"Zuhura, tufunge," akasema babu yako. "Wanywaji wote wako madukani."

"Wanaume ndio wako madukani," nikamjibu. "Sisi wanawake umetuona wapi barazani na chupa?"

Kulikuwa na harusi Kikwajuni. Nikamwomba ruhusa mama wa bi harusi, nikapeleka soda zetu zikiwa baridi. Wanawake walikunywa huku ngoma inalia, na somo wa bi harusi, yule aliyemfunda, akapaza sauti: "Tamu hii! Nani katengeneza?"

Nikasimama mbele yao wote. "Mimi na mume wangu."

Haikupita wiki, mwenye duka wa kwanza kutukataa akabisha hodi. "Bi Zuhura, dukani siruhusiwi kuiuza, lakini mke wangu kasema nisirudi nyumbani bila ya soda yenu."

Babu yako alicheka hata akakaa chini. Mimi nilifunga kanga kiunoni, nikaenda kumenya tangawizi, maana nilijua nyuma yake wanakuja wengine. Na kweli walikuja, mwanangu, mpaka mlango ukawa haufungwi.

Nyumba nzima inakusalimu.

Bibi yako,
Zuhura