Dalali wa Kuvuka Ukuta

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe. Jaza ndoo kabla maji hayajakatika.

Asubuhi dalali wako kamleta mnunuzi wa nyumba yetu. Kufungua mlango, namkuta jirani yetu! Mtu tuliyepakana naye ukuta miaka kumi na tisa. Dalali akamtembeza jikoni kwangu, eti, "Hapa pana hewa ya kutosha." Jiko alilonisaidia kulipaka rangi jirani mwenyewe! Nilikosa pa kuweka uso.

Sasa sisi tumkatie dalali asilimia tano ya bei, na jirani amkatie tano, kwa kumvusha mtu ukuta. Ni haki hiyo?

Jirani anasema alisikia tunauza, akaona haya kukuuliza. Na wewe uliona haya ajue tumeishiwa.

~~Usimlipe huyo dalali hata senti.~~

Mlipe. Kazi kaifanya: kawasemea wanaume wawili wazima wanaosalimiana kila siku. Haya yenu ndiyo ghali, si yeye.

Chumvi imekwisha, nunua.

Mimi niko kwa jirani, nazungumza na mkewe. Ukinihitaji, njoo mwenyewe. Usimtume dalali.

Mkeo