Nimenyolewa Badala Yako

Makiso, Kisangani
Jumapili, tarehe 16 Julai 2000

Mpendwa Yaya Célestin,

Nakusalimu sana, kaka yangu mkubwa, wewe na wifi yangu Julie na watoto. Habari za Butembo na baridi yake? Kile kifua chako kinaendeleaje? Julie aliwahi kuniambia kwamba unakataa sweta, eti inamwondolea mkubwa wa ofisi heshima yake. Vaa sweta. Sisi huku tuko wazima, yaani sisi tuliobaki.

Barua hii anaibeba Sista Angélique, anayesafiri kesho kuja huko kwenu. Amenihakikishia kwamba hakuna askari atakayeifungua, kwa hiyo naandika yote. Siku ile kwenye fonia, ile redio ya wafanyabiashara, nilikuambia tu kwamba Papa ametutoka, kwa sababu nusu ya mji walikuwa kwenye foleni wakinisikiliza.

Papa alikufa siku ya tatu ya vita, Jumatano. Tangu Jumatatu tulikuwa tumelala sakafuni ndani ya depo, nyuma ya magunia ya chumvi na maharagwe. Mabomu yalipita juu ya paa kutoka upande wa daraja la Tshopo, na mengine yakarudi huko. Maji yakaisha. Papa akachukua sufuria, akasema anafika tu kwenye pipa la uani. Bomu lilianguka kwa jirani, kipande chake kikampata pajani. Tulimfunga kitenge, tukamfunga na kingine. Hospitali unaijua, ni dakika kumi kwa miguu, lakini hakuna aliyeweza kuvuka barabara. Ilipofika mchana akanyamaza.

Tulimzika pale pale uani, kama nyumba nyingi za mtaa wetu zilivyozika watu wao. Benoît, yule mvuvi wa Yanonge anayepanga chumba cha nyuma, ndiye aliyechimba, tena kwa magoti, kwa kuogopa risasi. Ndiye aliyetupa udongo wa kwanza pia, maana mtoto wa kiume hakuwepo. Najua litakuuma. Liliniuma na mimi, lakini siku ukipata nafasi umshukuru.

Siku sita tu, yaya. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuja huku pamoja, marafiki, wakatuambia wanatukomboa, kisha wakapigana wao kwa wao juu ya vichwa vyetu. Walipochoka, Warwanda wakabaki na mji pamoja na chama chao, Waganda wakaenda zao kaskazini, na Butembo yenu ikabaki kwa chama cha marafiki wao. Hakuna aliyetuuliza. Ile barabara ambayo Papa alipitishia maharagwe miaka ishirini imekuwa mpaka wa nchi mbili. Na wewe, kwa kuwa unagonga muhuri katika ofisi ya kodi ya chama cha huko, sasa ni adui wa mji ulimozaliwa. Wewe, uliyekuwa unamkimbia hata jogoo wa Mama.

Ulituma neno kwamba matanga yasiondolewe mpaka ufike. Ni haki yako. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayenyolewa kwanza, na kabla ya hapo mjane habanduki kwenye mkeka. Mama alikubali. Wiki tano amelala juu ya sementi, anakohoa, godoro hataki. Nilipombembeleza alinijibu, "Uniache. Nitatoka hapa siku Célestin atafika. Yeye ndiye mukubwa." Sitakuficha, kuna siku nilikulaumu sana.

Kisha akaja binamu yetu Osée wa Tonton Télesphore, na baiskeli yake ya mizigo, kutoka huko kwenu. Ulikuwa umempa karatasi ya njia, yenye sahihi yako na ule muhuri wako, kama ulivyompa kila safari ili asisumbuliwe. Zamani karatasi hiyo ilifungua kila kizuizi mpaka hapa. Basi alipofika kwenye kizuizi cha kuingia mjini, aliitoa mwenyewe, bila kuulizwa, akamkabidhi askari. Walimweka kifungoni siku nane, wakitaka aseme wewe ni nani na umemtuma kupeleleza nini. Wamemvunja vidole vya mkono wa kulia. Usijilaumu kupita kiasi, hata mimi ningempa karatasi hiyo.

Walimwachia Alhamisi, akaja moja kwa moja nyumbani. Mama aliushika ule mkono, akautazama muda mrefu.

"Adeline," akasema, "leta wembe."

"Mama, si tunamungoja yaya?"

"Hapana. Leo ni mukono ya Osée, kesho itakuwa shingo ya mutoto wangu. Donc asikuje. Utanyolewa weye."

Kwa hiyo jana Jumamosi tulikusanyika, nami nikakaa kwenye kiti chako, mimi mdogo wako, tena mwanamke. Tonton Télesphore aliguna, akasema jambo kama hili hajaliona tangu azaliwe. Halafu akamtazama mwanawe, akauchukua wembe yeye mwenyewe. Alininyoa kichwa kizima, kisha akamnyoa Mama. Nililia mbele ya watu wote. Nililia kwa sababu nilijua nakaa mahali ambapo hakuna aliyenipa ila vita, na kwamba wewe huwezi tena kupakalia. Jana Mama alilala kitandani.

Nisalimie Tante Colette na Précieuse wenu, ambaye sasa lazima ni mrefu kuliko mimi. Exaucée wangu ameanza kutembea. Mungu awalinde nyote, na azuie miguu yenu isishike njia ya huku.

Najua umekasirika. Kasirika, yaya, una haki, lakini kasirikia huko huko. Hapa uani, kando ya Papa, imebaki nafasi ya mtu mmoja. Nimeiona kila asubuhi nikichota maji, na kila asubuhi nilikuwa naipima kwa urefu wako.

Usije.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeacha kukupenda,

Adeline