Wanga wa Ghorofa ya Pili

Bibi Solanji,

Mimi ndiye niliyesema. Si Mama Glori, uliyemdhania mpaka ukaacha kumsalimia kwenye lifti. Ni mimi, mezani kwetu, Jumapili mchana, mdomo umejaa ndizi. Sijamwambia mtu yeyote. Hata wewe sikukuambia ulipokuwa hai, ingawa baada ya siku ile ulinifungulia mlango mara nyingi, na kila mara nilikuja nimeshalipanga neno la kwanza. Nilifika, nikanywa chai yako ya tangawizi, nikarudi nalo juu.

Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu ulisema huko Ginen, ile Afrika ya chini ya maji wanakokwenda wafu wenu, hakuna anayezungumza Kifaransa. "Kifaransa ni cha mabwana wa mashamba ya miwa," ulisema. "Wafu hawana haja nacho." Nikakuuliza basi wanazungumza nini. Ukasema lugha zote za wazee waliochukuliwa, Wafoni, Wayoruba, Wakongo, na labda na yako. Natumaini ulikuwa na hakika kidogo uliposema labda.

Kesho unatimiza mwaka na siku moja. Bibi, ninaogopa.

Sijasahau ulivyonieleza. Mtu akifa, roho yake hushuka kwenye maji ya baridi na kukaa humo mwaka na siku moja. Kisha mtu wa nyumbani kwake sharti amwite kwa jina, amtoe, amweke kwenye chungu, ili awe mzee wa nyumba na aweze kuwasaidia walio hai. Asipoitwa atabaki humohumo. Na aliyesahauliwa, ulisema, hukasirika.

Nilikuwa na miaka kumi na minne ulipomwita Mirei, binti yako aliyefukiwa na lile tetemeko kwenu Haiti. Ulisema kwa haki ingekuwa kazi ya manbo, kuhani wa kike, na ngoma, na hema jeupe, na ukoo mzima. "Lakini hapa Anderlecht, Ubelgiji, sina manbo," ulisema. "Nina beseni." Mimi nilishika taulo. Kwanza ulimsalimu Papa Legba, mwenye milango, yuleyule uliyekuwa ukimwomba kila lifti yetu ilipogoma. Ukamwita Mirei mara tatu juu ya yale maji. Kisha ukaliinamia beseni mpaka nikasikia jokofu. "Amekuja," ukasema. Nilitazama majini sikuona kitu, lakini sikuweza kuliachia lile taulo.

Kisha ukaniuliza, "Na mimi, nani ataniita?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Unanijua. Mimi hukubali kwa kichwa kwa sababu kichwa hakihitaji maneno.

Sasa ninaogopa usipokuja. Ninaogopa zaidi ukija. Mwaka mzima sijajaza maji kwenye bafu. Ninaoga nimesimama, haraka, macho wazi hata sabuni ikiniingia. Kwa sababu huko uliko labda unajua kila kitu, na ukitoka utatoka unajua. Ndiyo maana ninakueleza leo, kabla sijakuita. Nisikuite kwa uongo.

Ilikuwa hivi. Ulinionyesha kile kifurushi chako cha kitambaa chekundu, kimefungwa utepe na kushonewa vipande vinavyometa, na manyoya juu. Nikauliza ni nini. "Wanga," ukasema. Nilicheka kwa hofu. Nikakuambia kwetu wanga ni wachawi, watu wanaoruka na ungo wakiwa uchi. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Ukasema kwenu ni dawa tu, imefungwa ili isimwagike, na hiyo ilikuwa ya magoti yako. Tukaanza kutafuta maneno mengine. Wewe ukasema Simbi, roho wa chemchemi. Mimi nikasema kwetu simbi ni kauri, kombe dogo la baharini. Ukasema kule shambani, utumwani, wazee wako hawakuruhusiwa kumiliki hata kijiko, basi waliweka kila kitu kwenye maneno, na lwa wao, roho waliowaabudu, wakawaficha nyuma ya picha za watakatifu wa padri. Ukanionyesha yule mtakatifu mwenye nyoka miguuni, ukasema padri alimwona mtakatifu na bibi yako alimwona Dambala, lwa wa nyoka, na wote wawili walipiga magoti kwa furaha.

Kwa hiyo nilijua, Bibi. Nilijua vizuri. Nilipanda ghorofa mbili nikiwa najua.

Mezani walikuwepo mama, Mama Glori na wale wawili wa ushirika wa maombi. Walikuwa wakiongea wote kwa pamoja, na mimi nikiwa pale kama kiti. Nikasema, "Bibi Solanji ana wanga chumbani kwake. Amenionyesha."

Wote walinyamaza. Hakuna aliyewahi kuninyamazia.

"Wanga wangapi?" akauliza Mama Glori.

"Mmoja," nikasema. "Mwekundu."

"Damu ya Yesu!" Akasukuma sahani. "Niliwaambia mimi! Mwanamke gani anakwenda sokoni kuchagua mayai meupe tu? Anamlisha nani?"

Mmoja wa wale wawili akasema, "Jamani, wanga wa kwetu wanapanda ungo, huyu anapanda lifti," wakacheka, lakini mama hakucheka. Mama anatoka Korogwe. Shangazi yake alifukuzwa kijijini kwa neno hilohilo. Akaniuliza taratibu, "Una hakika alisema wanga? Kwa mdomo wake?"

Hapo ndipo ningesema. Zilibaki sentensi mbili tu: ni neno la kwao, ni dawa ya magoti. Lakini walikuwa wananitazama, na nilipenda kutazamwa. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake mama akaurudisha ufunguo wako kwenye sanduku lako la barua, ndani ya bahasha, bila neno. Ule ufunguo aliokuwa akiutumia kila Jumatano kukuletea supu na kukuangalia. Hujawahi kuniuliza kwa nini. Ulisema tu, "Mama yako amechoka na kazi, maskini."

Ulipoanguka jikoni ilikuwa Jumanne. Waliokukuta walikukuta Jumamosi. Nimeihesabu Jumatano hiyo kila siku.

Siku zile nilikuwa kambini na shule, kule kwenye misitu ya Ardenne, tunaimba. Niliporudi vitu vyako vilikuwa kando ya barabara. Mtakatifu wa nyoka alikuwa amelowa mvua. Sikumchukua kwa sababu mama alikuwa ananitazama kutoka dirishani. Kwako sasa wanakaa vijana wawili wenye baiskeli. Lifti imetengenezwa. Na mimi nimemaliza shule, wiki tatu sasa. Walipoliita jina langu ukumbini nilipanda jukwaani bila kujikwaa. Ungepiga vigelegele, ningeona haya.

Naiacha hapa. Mama anarudi.

—

Bibi, nimekwenda. Ninaandika tena kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Nilinunua chungu. Unajua kwamba vyungu vyote vya maua vina tundu chini? Nilivigeuza kimoja kimoja dukani kama nusu saa, mpaka muuzaji akaja kuniuliza kama nina tatizo. Roho haiwezi kuwekwa kwenye chungu kinachovuja. Nilipata kimoja, kidogo, cheupe, kina ufa wa rangi tu.

Mfereji mkubwa unaopita mtaani kwetu sikuutaka. Ulisema ni mchafu kiasi kwamba hata Simbi angekohoa. Nikapanda treni ya metro namba tano mwisho hadi mwisho, nikatembea hadi kwenye mabwawa ya Auderghem, kando ya msitu, tulipokwenda siku ile ulipokula aiskrimu mbili. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwomba Mungu kwanza, sijui kama ni dhambi, nikamwambia kama ni dhambi iwe yangu peke yangu. Kisha Papa Legba. Kisha nikachuchumaa.

"Bibi Solanji." Sauti haikufika hata kwa bata.

"Bibi Solanji." Maji yalikuwa meusi chini ya miti na nilijua, kama mtu anavyojua anatazamwa, kwamba nikifungua mdomo tena utatoka, na utakuwa na uso wa siku ile ya nne, walipokukuta.

"Unamtafuta mtu?"

Nilikaribia kutumbukia. Mzee mmoja, Mbelgiji, ana mbwa mwenye miguu mifupi.

Nikasema, "Bibi yangu."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia. Bibi, akampa mbwa amri akae, akaweka mikono mdomoni na kupiga kelele, "Madamu Solange! Madamu Solaaange!" Bata wote wakaruka. Basi mara ya tatu hukuitwa na mimi. Umeitwa na mtu nisiyemjua, kwa Kifaransa, kwa nguvu zake zote.

"Anasikia vizuri?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Usiogope, mtoto. Tutawaita polisi wasaidie."

Polisi! Nikaonyesha kidole popote, kwenye njia ya mitini. "Yule pale, nimemwona."

Mzee akageuka, akakodoa macho. "Ah, ndiyo," akasema. "Nami nimemwona." Akainua mkono, akapunga. "Mwambie asitembee peke yake," akasema, akaondoka na mbwa wake.

Mimi sikugeuka. Huenda kulikuwa na mwanamke wa watu anapita. Sikugeuka, Bibi. Niliinama nikachota maji kwa chungu nimefumba macho, nikafunika kwa kitambaa cheupe, nikatembea hadi kituoni nikitazama viatu vyangu tu. Kwenye metro nilikipakata. Kilikuwa kizito kuliko maji yake, au ni mimi niliyekuwa dhaifu. Nilikuwa nikikuambia kimoyomoyo, samahani, samahani, tunashuka kituo kijacho.

Mama alikuwa ameshafika.

"Hicho nini?"

"Chungu."

"Cha nini?"

"Cha maua."

"Na maua yako wapi?"

"Bado."

Akanitazama muda mrefu. Nadhani aliona nimelia. Akasema tu, "Kiweke penye jua basi." Kwa hiyo uko dirishani kwangu, upande wa asubuhi.

Kwaheri ya wanaokwenda sina tena, nina karibu ya mtu aliyehamia ndani. Pumzika, Bibi. Ninakuahidi nitamwambia mama neno lile lilikuwa na maana gani, na kwamba nilijua. Nitalisema kwa mdomo, si kwa kichwa. Sijui ni lini. Mama hulia kwa siri kila akipita ghorofa ya pili, na nikisema, ile Jumatano itakuwa yangu na yake.

Mpaka siku hiyo, nakuomba, kaa kimya humo. Akija kufuta vumbi, usitikise hata kitambaa. Usimwambie mtu.

Rehema, wa ghorofa ya nne