Wananiita Mama Kelele

Jumamosi, 29 Machi 2025

Nimerudi kutoka Mbita. Filamu yetu ilionyeshwa jana kwenye ukumbi wa kanisa, kwetu kabisa, mbele ya mama yangu na shangazi zangu. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Bravin, aliyeiandika na kushika kamera, aliniambia komedi ikichekwa imefaulu. Lakini mimi sikuigiza komedi. Mimi ndiye mwanamke anayezunguka kijijini akisema tuta linalozuia mto linapasuka, na kila mtu ana shughuli yake — chifu ana wageni, pasta ana harambee, vijana wana mpira. Mwishowe wote wanasombwa na maji wakiwa mkutanoni, wakichagua kamati ya kuchagua kamati.

Mheshimiwa mmoja alishika maiki akasema filamu ina funzo kubwa sana. Kisha akaomba ile sehemu ya kamati irudiwe.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua, siku ya tano. Klipu yangu inazunguka WhatsApp, ile ninayopiga sufuria nikipita nyumba kwa nyumba. Hapa sokoni ninaposhonea nguo hakuna anayeniita Terry tena. Mama Kelele, sketi yangu iko tayari? Mama Kelele, selfie moja tu. Najichekea pia.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeshuka mtoni kumpelekea mama mkwe unga. Anaishi chini ya tuta, lile lile tulilorekodia. Nyuma ya choo chake, pale tuta linapogusa ardhi, kuna maji yanatoka. Kama chemchemi ndogo. Safi. Mama anayafurahia, hana haja ya kwenda mtoni.

Sikuyapenda. Nikampigia Cephas, aliyeendesha tingatinga tuta lilipojengwa. Siku hizi yuko Migori mjini. Akauliza rangi. Nikasema safi.

"Yakiwa safi, angalia tu. Yakianza kuja na matope, jua yanakula udongo ndani ya tuta. Hapo usiangalie tena. Ondokeni."

Nimeyaandika jinsi alivyoyasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Yamekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nimeyachota kwa chupa nikaenda nayo kwa naibu wa chifu, Bwana Obare. Alikuwa na wazee wawili. Nimeweka chupa mezani, nikaeleza. Obare akaiangalia chupa, akaniangalia mimi, mabega yakaanza kutikisika. "Hiyo ni part two?" Wakacheka wote. Nikasema hii si filamu. Mzee mmoja akasema hata kwa filamu ulisema hivyo hivyo.

Ni kweli. Ndiyo maneno yenyewe! Bravin aliyaandika vizuri mno.

Obare si mtu mbaya. Alinipa soda. Akasema ataandikia kaunti barua baada ya Pasaka, kwa sasa hakuna mtu ofisini. Nilipofika nje nikalia. Kijana mmoja wa bodaboda akatoa simu, akanirekodi.

Jumanne, 15 Aprili

Mume wangu Javan amekwenda kujionea. Alirudi, akanawa matope miguuni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema, tumtoe mama.

Tumeshuka pamoja. Mama alitupa uji. Akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Nitalala wapi?"

Kwetu sokoni ni chumba kimoja, na hata kingekuwa kumi, kwa mila yetu mama halali nyumbani kwa mwanawe. Nikasema shule ya msingi, kule kilimani. Ni likizo, madarasa yako wazi.

"Nyar Mbita," akaniambia, yaani binti wa Mbita, "baba yake Javan amezikwa hapo mlangoni. Nimwache na nani?" Akasema ameona mafuriko kabla mimi sijazaliwa. Maji huja, maji hurudi.

Nikamwambia wakati huo hakukuwa na tuta, maji yalipanda polepole, mtu akawahi kutoa hata kuku. Sasa yamefungiwa juu ya kichwa chako, mama. Sauti yangu ilipanda. Javan akaniambia taratibu nisiongee hivyo na mama yake. Tukamaliza uji.

Alhamisi, 17 Aprili

Redio ilinipigia. Nikakubali haraka — watu wengi watasikia kwa wakati mmoja. Mtangazaji, Elvis, akaanza na ile klipu ya sufuria. Nikasema mimi ni Terry Adhiambo, fundi wa nguo, siigizi, watu wa chini ya tuta wahame leo. Elvis akawaambia wasikilizaji, mnamsikia huyu? Hatoki kwa character! Akaweka muziki.

Nimempigia Bravin huko Mbita, nikamwomba aweke video aseme mimi sidanganyi. Akasema, pole, dada. Ameiweka. Imeangaliwa na watu elfu kumi na moja. Chini yake wanauliza filamu nzima iko wapi.

Roseline, jirani ya mama, amehamia kule shuleni na watoto wake wanne. Aliniambia hakusikia redio wala hajaona filamu. Aliona tu kuku wake wanayakataa yale maji. Nyumba moja. Kati ya zaidi ya sitini.

Sijala tangu asubuhi.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Naandika darasani, darasa la nne, saa tisa alasiri. Herufi zinapanda mstari.

Asubuhi tuta limeshuka kama futi moja nyuma ya choo cha mama. Hakukuwa na kishindo. Choo kimelala upande. Mama alikuwa amesimama hapo na nguo zake nyeupe za kanisa, akiliangalia. Hakubishana tena. Alikwenda akasimama kidogo kaburini, kisha akasema twende. Tukapanda kilimani, Javan na mbuzi, mimi na godoro.

Hapo ndipo mama akakumbuka maandamano ya msalaba. Kila mwaka makanisa yote hupita juu ya tuta, ndiyo njia kavu.

Nimekimbia. Niliwakuta sokoni, mia tatu au zaidi, Obare mbele. Nikasimama njiani, nikawaambia. Kwanza waliguna, kisha wakacheka, hata mbeba msalaba. Mama mmoja akanishika mkono kwa upole, akaniambia, leo tunaomboleza, michezo tuiache. Wakanipita.

Nilirudi shuleni bila pumzi. Mama alisikiliza, akavaa viatu. Nikasema twende wote. Akanikatalia.

"Ukija wewe watacheka. Mimi hakuna aliyewahi kunicheka."

Ameondoka na Javan, ambaye amembebea kiti. Nimebaki na watoto wa Roseline. Kutoka dirishani naona tuta lote. Kiti kimewekwa katikati ya njia, hatua chache kabla ya pale palipobonyea. Mama ameketi. Javan amesimama nyuma yake.

Maandamano yamemfikia. Wimbo umekoma. Wa mbele wamesimama, walio nyuma wanazidi kusongea mbele, na Obare ameinama kwake.

Bado ameinama. Sijui kama anamsikiliza au anamwomba apishe.