Yowe la Mguu Wangu, na Marko Aliyeliziba

Jumanne, 2 Agosti 1994

Wamenipasua mguu leo. Usaha ulivyotoka, hata Dina, nesi wa wodi hii, aligeuza uso. Na ni mwiba tu. Mwiba wa boma la mbuzi, mwezi wa sita. Mguu ulivimba, ukawaka moto, nikaenda kwa Marko.

Marko fundi baiskeli! Tangu waseme biashara ni ruhusa, kafungua duka la dawa pale Misigiri. Akanihesabia vidonge vyeupe, akasema mama mkubwa, hivi vinatuliza kila kitu. Vikatuliza kweli. Siku ya tatu napepeta uwele. Kila uvimbe ukirudi, nafuata vingine. Nikamsifu kanisani mbele za watu. Kumbe chini ya ngozi nyama inaoza, mimi nimesimama naimba.

Jumatano, 3 Agosti

Daktari Melkizedeki ni mtoto mdogo, ndevu hana, ila shikamoo yake anaitoa vizuri. Nimemuuliza mguu umeozaje bila kuuma. Akasema nyama ikiumizwa inatoa protini. Nikamwambia protini naijua, ni maharage, tulifundishwa kliniki. Akacheka. Akasema hizi mwili unazitengeneza wenyewe, ni wajumbe. Zina jina, sitokini. Zinatoka pale palipoumia, zinaiambia nyama jirani ifunge milango, zinaita askari walio kwenye damu waje wapigane. Mishipa inatanuka wapite. Ndiyo uvimbe. Ndiyo lile joto.

Nikasema basi hilo ni yowe.

Akasema ndiyo bibi, ni yowe. Na vile vidonge vinaziba mdomo wa anayelia. Dawa nzuri kwa magonjwa yake, anajua daktari. Kwa kidonda chenye wadudu, unawaachia nyumba.

Sikula mchana.

Ijumaa, 5 Agosti

Emilian mwanangu kaja. Nimemtuma kwa Mazengo, kamanda wa sungusungu. Sheria yetu kila mtu anaijua: ukisikia yowe usipotoka kusaidia, unatengwa. Husalimiwi, hupewi moto, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Sasa aliyemziba mdomo mpiga yowe je? Huyo si zaidi?

Emilian akasema mama, watakucheka. Nikamwambia wacheke, wakimaliza wamtenge. Nataka Marko apite kijijini asalimie, ajibiwe na mbwa.

Jumamosi, 6 Agosti

Kweli wamecheka. Mazengo kasema yowe ni la mdomo, hajasikia la mguu. Nimemrudishia jibu: mwambie mwaka ule wa wezi wa ng'ombe mlitoka kwa filimbi, na filimbi si mdomo. Jioni Emilian karudi. Mazengo hacheki tena. Baraza litakaa Jumanne.

Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Daktari anasema Jumatatu ataamua, mguu ubaki au ukatwe chini ya goti.

Jumapili, 7 Agosti

Unauma. Unawaka. Dina kaleta sindano, kasema pole bibi. Nikamwambia usinipe pole, acha mguu upige kelele. Siku arobaini haukupewa nafasi.

Jumatatu, 8 Agosti

Daktari hajapita bado. Aliyepita ni Severina, mama yake Marko. Kaja na lori la chumvi, na uji wa uwele kwenye chupa. Kakaa ukingoni mwa kitanda, kaanza kulia. Mama Emilian, usimtenge mwanangu. Hakujua. Aliambiwa na mwenye duka la jumla mjini. Wakimtenga, na mimi je, nitaomba moto kwa nani?

Nikamwambia utaomba kwake, si ana duka.

Akafuta machozi na kanga. Akasema hata yeye anatumia dawa hizo hizo, za goti, mwezi wa pili sasa. Anachukua mwenyewe kwenye kopo, Marko hana habari. Goti limekuwa la msichana. Juzi kakanyaga kipande cha bati, kimezama, na hakuna uvimbe, hakuna maumivu, angalia.

Akanyanyua mguu. Kaufunga kitambaa cha kitenge. Sikuangalia. Sikuhitaji. Harufu ile nimelala nayo wiki nzima.

Nikanywa uji. Nikasema asante. Basi.

Sasa yuko nje kwenye benchi, namwona dirishani, anasubiri lori ligeuze. Marko atajifunza nyumbani kwake, kwa mguu wa mama yake mzazi. Baraza gani lingempa adhabu hiyo? Mungu kaniletea mwenyewe, mpaka kitandani, pamoja na uji.

Dina kapita na beseni. Kauliza bibi, unahitaji kitu? Nikasema hapana.

Kapita tena. Kaniangalia. Bibi, mbona umekunja uso, mguu unauma? Nikasema mguu ni wangu, endelea na kazi.

Lori linanguruma. Utingo anaita watu wa Misigiri. Dina yuko kitanda cha mwisho, anafunga mtu bandeji, nikiita atasikia. Severina kasimama. Kaniona dirishani, kapunga mkono. Anavuka uwanja kwenda kwenye lori, kwenye changarawe, pekupeku, haraka haraka.

Hachechemei hata kidogo.