Nafasi ya Sauti Moja

Mdogo wangu Zaina,

Najua barua hii haina pa kukufikia. Naandika tu, maana moyo umejaa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukienda kwa shangazi, ng'ambo ya bonde hapa mtaani kwetu Kimisagara, unaniita kwa sauti hadi majirani wanakasirika? Nilikusikia bila simu. Na siku unavuka mpaka kwenda Dar kuuza vitenge uliniambia, "Kila asubuhi nitamsalimia Mama kabla sijanywa chai." Ukatimiza. Mama haoni vizuri siku hizi, lakini sauti yako ya WhatsApp, na yule jogoo wa jirani yako anayekudakia maneno, vilimtosha kuianza siku.

Kisha ukaja uchaguzi wa huko, mtandao ukafungwa. Watu wakanishauri nikuambie uweke VPN. Nikuambie kwa njia gani, nipulize moshi? Simu ya kawaida nayo ikawa haipatikani. Asubuhi ile Mama akaita, "Sha, mwanangu, weka Zaina." Nikamwekea sauti yako ya zamani. Kesho yake nikarudia. Akasema, "Jogoo hii nilisikia jana." Halafu akasema, "Weka tena tu."

Mtandao ulirudi, Zaina. Wateja wangu wenye ndugu huko walipata salamu zao, wakaja kunisomea pale kwenye cherehani, wanacheka. Ujumbe wangu kwako bado una tiki moja, haujafika kwenye simu yako. Mwenzako wa chumba anasema ulitoka kutafuta pa kumpigia Mama, hukurudi. Amekuulizia hospitali, amekuulizia polisi. Mama sijamwambia. Nimechoka, mdogo wangu, na nina hasira nisiyojua pa kuipeleka.

Sasa simu yangu imejaa. Inasema haipokei kitu kipya mpaka nifute vya zamani. Sauti zako sizigusi, ndizo zinazomwamsha Mama. Nimefuta mitindo yote ya magauni ninayowaonyesha wateja. Haikutosha. Nikafuta picha za harusi yangu, hata ile unayocheka umeshika viatu vyangu mkononi. Imepatikana nafasi ndogo, labda ya sauti moja.

Itumie hiyo, Zaina. Usiseme mengi. Sema tu umekunywa chai.

Dada yako,
ng'ambo hii ya bonde